Mashine Ambazo Hazikuuzwa

Nimeajiriwa kuhesabu kitu ambacho hakikuwepo:
mashine mia ngapi za kubangua karanga
Lubowa wa Katwe angeuza
kama kampuni ile isingeiga chekeche lake.

Hataza anayo, imekunjwa mara nne
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Stakabadhi zake zanuka grisi,
nyingine zimeandikwa nyuma ya kalenda.
"Andika zote," aniambia. "Kila walichouza ni changu."
Wakili naye aitikia kwa kichwa: zote.

Kwanza naligawa lile dude.
Mpini hakuubuni yeye, wala magurudumu, wala rangi ya kijani.
Chekeche peke yake, lile lisilovunja punje,
lina thamani gani ndani ya jumla?
Kisha nawaketisha mezani watu wawili
ambao hawakuwahi kuketi,
wapatane mrabaha, miaka sita iliyopita,
kabla ya chuki. Nawaagizia hata chai.
Wanabishana kichwani mwangu hadi saa nane usiku.

Nikapanda basi hadi Soroti.
Pembeni mwa soko Amulen alikuwa na ile nakala,
mguu wake uliokatika ameufunga kwa mpira wa baiskeli.
Nikamuuliza: hii isingekuwepo, ungenunua ya Lubowa?
Akatazama suti yangu, akatazama viatu.
"Kwa bei ile? Ningemenya kwa vidole, kama mama."
Akanionyesha kidole gumba.

Amulen, basi, nimemtoa.
Yeye na wanaofanana naye, arobaini na mmoja katika kila mia.
Kwenye jedwali ni mstari mmoja tu. Naufuta,
nao waondoka na karo ya watoto wa Lubowa.

Mahakamani Nakasero, wakili wa upande wa pili aliuliza
nimeijuaje dunia ambayo haikutokea.
Nikasema: kwa kuwauliza wanaoishi katika hii.
Jaji akaandika kitu kifupi.

Nje, kwenye ngazi, Lubowa hakunisalimu.
Alitoa karanga mfukoni, akaibangua kwa kidole gumba,
taratibu, akaichungulia punje kama imepasuka.
Haikupasuka. Akanipa.
"Na usiku niliokesha," akasema,
"uliuandika mstari wa ngapi?"

Niliitafuna. Ilikuwa bado mbichi.