Toleo la Kwanza

Saa yangu mpya ilisafiri ndani ya soksi,
mpwa wangu aliificha hivyo, wapakizi wasiinuse.
Milimita thelathini na nane, chuma kisichong'aa ovyo,
mgongo wake kioo: ukiugeuza unaiona kamani
imejikunja kama jongoo aliyeguswa,
na gurudumu la mizani linakwenda, linarudi,
linakwenda.
Haina betri. Inakula vidole vyangu viwili
kila alfajiri, mizunguko ishirini na minane.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Newala.
Naijua mizani ya magunia, inayogombanisha ndugu.
Naijua kidogo mizani ya mashairi, niliipata kwa kiboko.
Hii ya tatu, ndogo kuliko ukucha,
haijaniuliza hata mara moja nimempendelea nani.

Wenzangu ghalani: "Pesa ya msimu mzima!
Na simu inakupa saa bure?"
Inanipa, ndiyo.
Hainipi mlio wake sikioni usiku.

Nikampelekea Somoe Likapa, fundi,
kibanda chenye mlango wa friji kuukuu.
Hakunisifu. Akabana lenzi jichoni, akafungua,
akanyamaza hadi chai ikaota utando.
"Moyo mzuri," akasema. "Uso ndio mwongo."
Mwongo?
"Akrabu imeelekea kumi. Wewe unasema saa ngapi?"
Saa nne.
"Basi mmoja wenu anadanganya, na nyote mnalala kitanda kimoja."

Miaka arobaini na moja
nimesoma kumi nikatamka nne,
nimesoma saba nikatamka moja,
mkalimani wa mkono wangu mwenyewe, bila posho.

Kwa Nampunju mchongaji akaomba masalia ya mpingo,
kipande kilichodondoka kwenye sikio la kinyago.
Akakikata, akakisugua, kikawa chembamba kama kadi ya kliniki.
Kikapasuka.
Cha pili kikapasuka.
Cha tatu akakilaza siku tisa kwenye mafuta ya nazi,
hakukisemesha, hakutaka mtu akisemeshe.
Kwa sindano ya cherehani akachimba tarakimu,
akazijaza chokaa:
sita juu kabisa, kumi na mbili chini,
na moja chini kushoto, jirani yake,
ili asubuhi akrabu ipande ngazi pamoja na jua,
adhuhuri ikae kileleni ipumue,
kisha iteremke upande wa pili bila haraka,
kama mtu aliyekwisha kupima gunia lake.

Ndipo ikaja siku ya mnada.
Mnunuzi mmoja, suruali ya kitani, simu imezima,
akauvuta mkono wangu asiniulize.
Akaiona akrabu juu ya nne.
Nne!
Akili yake, iliyozoea, ikafanya kazi yake:
nne ni saa kumi. Saa kumi jioni!
Akatupa chupa ya maji, akakimbilia gari,
akamtukana dereva, akamtukana karani wake,
akalia kwamba korosho zote za Newala zimekwenda kwa wengine.
Jua lilikuwa bado halijafika utosini.
Watu wa foleni walicheka hadi gunia la Bi Asumini likaanguka
na tukalipima upya.
Kilo sabini na nane, pungufu ya mbili.
Hapo hakucheka mtu.

Nilimsimulia Somoe. Hakutabasamu sana.
Alikuwa ameinamia uso mwingine wa mpingo,
toleo la pili, kwa ajili ya muuguzi wa Kitangali
anayetaka usomeke gizani, zamu ya usiku.
Kando ya sita ameacha tundu dogo
kwa mshale wa ziada.
Nikamwuliza utaonyesha nini.
"Sijaamua," akasema,
akapuliza vumbi la mpingo,
na lenzi yake ikanitazama, jicho kubwa moja,
"wewe huwa unataka kujua nini
ukishajua ni saa ngapi?"

Nilirudi kazini nikiwa nimechelewa dakika nne.
Saa yangu huenda mbele kidogo, kwa hiyo labda moja.