Kata kwa Mstari Mmoja

Jumatatu, saa mbili kasorobo, Upper Hill,
ghorofa ya sita. Kikao bado hakijaanza
na chai ya flaski imeshaota utando.
Gichohi amechora masanduku matatu ubaoni.
Mutheu, chagua, ananiambia. Bajeti ni ya moja.

La kwanza: andika juu ya kilichoandikwa.
Seva ikihama Ngara kuja hapa,
futa "Ngara", weka "hapa", basi.
Daftari jepesi, safi kama sahani ya mgeni,
na kama sahani ya mgeni, halisemi
jana lilipakuliwa nini.

La pili: kila usiku wa manane
piga picha ya daftari zima,
mitambo elfu nne mia mbili na nyaya zake,
uiweke kabatini kando ya picha ya jana.
Barasa wa diski anakohoa.
"Nafasi," anasema. Anarudia. "Nafasi."
Nami nauliza: kilichobadilishwa saa tatu asubuhi
kikarudishwa saa kumi jioni,
picha ya usiku itakiona wapi?

La tatu: kila badiliko na mstari wake.
Kilikuwa nini, kimekuwa nini, nani, lini,
na kwa nini.
Hapo penye "kwa nini" ndipo watu huandika "marekebisho",
au nukta.

Nakumbuka usiku ule wa Mei.
Maabara ya hospitali tunayoihudumia ilinyamaza,
damu za watu zikangoja kwenye mirija isiyo na majina,
na daftari letu likasema: seva 41, nzima,
kumbukumbu yake gigabaiti kumi na sita.
Kumi na sita tangu lini? Ilikuwa sitini na nne,
niliiweka mwenyewe, kwa vidole hivi.
Daftari likanikodolea macho makavu. Kwake
ilikuwa kumi na sita tangu dunia kuumbwa.
Tulitazamana hadi alfajiri,
sisi sita, kila mmoja akiapa.

Jibu lilitoka getini, kwa Halake,
kijana wa zamu, asiyejua seva ni mnyama gani.
Kauntabuku yake, jalada limeshikwa na selotepu:
"Saa 3:10 usiku. Fundi, mkoba mweusi, ghorofa 6."
Na hiyo 6 ilikuwa kwanza 5,
ameikata kwa mstari mmoja, 5 bado inasomeka,
pembeni sahihi yake, ndogo kama sisimizi.
Nikamuuliza mbona hakufuta.
"Biki haifutiki, madam,"
akasema, akairudia redio yake.

Nachagua la tatu, kwa masharti.
Joto la prosesa sitaki historia yake,
lipande na kushuka kama bei ya nyanya Wakulima.
Lakini mahali, mwenye mali, kumbukumbu, toleo la mfumo,
na uzi unaofunga hiki kwa kile,
hivyo vikibadilika vikatwe kwa mstari mmoja.
"Kwa nini" isikubali nukta.
Picha tupige pia, Jumapili tu,
Barasa apate kupumua.

Gichohi anaitikia kwa kichwa,
anaupangusa ubao kwa kiganja.
Masanduku yote matatu yanaondoka
kabla sijanakili hata moja.
Nauliza kama kuna aliyepiga picha.

Tunatazamana, sisi sita.