Kistari

Chumba cha kumbukumbu, ghorofa ya chini.
Hii ndiyo taasisi ya maji, na mifereji yetu
imekauka tangu Jumanne. Tunachekana,
tunachota kwenye pipa la bustani,
kisha narudi kwa madaftari:
Gitathuru, kipimo cha mbao,
saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni,
miaka kumi na saba, mwandiko mmoja.

Msomaji: Ombasa Nyakoe.
Sifuri nukta nne mbili. Sifuri nukta nne mbili.
Sifuri nukta nne moja.
Februari nzima mto unapumua kama aliyelala.

Lakini pembeni, pasipotakiwa neno, aliandika:
Maji rangi ya chai.
Povu la sabuni mpaka alama ya tano.
Limepita godoro.
Mbao imeibwa, nimechonga nyingine na kuipaka rangi.
Shilingi mia tatu na hamsini. Naomba kurudishiwa.
Na miezi minane baadaye: Bado naomba.

Kazi yangu ni kuhamisha tarakimu.
Povu halina safu. Godoro halina safu.

Aprili maji yanaanza kupanda.
Moja nukta moja. Moja nukta tisa.
Mbili nukta sita, na wino umetapakaa.
Jioni ya tarehe ishirini na tatu, kistari.
Asubuhi yake, kistari.
Vistari siku kumi na moja, vimepigwa kwa rula,
kisha sifuri nukta tisa,
kwa herufi za mviringo, za mtoto wa shule,
na kwenye nafasi ya msomaji:
Kemunto Ombasa.

Pembeni hakuandika kitu.

Kompyuta haipendi mapengo.
Inauliza: nijaze?
Nikikubali itachora kilima laini
kutoka mbili nukta sita hadi sifuri nukta tisa,
na wajenzi wa madaraja watakiamini.

Daktari Lekishon anapita na kikombe chake.
"Umekwama?"
"Siku kubwa kuliko zote haimo."
Anainama, anasoma,
anakisogeza kikombe mbali na karatasi.
"Iache hivyo."

Naiacha.
Kabla ya kufunga ofisi naitafuta
ile fomu ya manjano ya idara ya uhasibu.
Madai: mbao moja, na rangi.
Mlipwaji: naandika jina la binti, polepole,
kila herufi na mviringo wake.
Sababu ya kuchelewa:
wameacha mistari miwili tu.