Neno Moja la Ishbel

Nilipopanga chumba kwa Ishbel MacAffer,
kisiwa cha magharibi mwa Uskoti, mvua siku tano kwa wiki,
nilikuja na kamusi iliyochanika jalada
na imani kwamba neno moja ni mzigo mmoja.

Asubuhi ya kwanza akagonga mlango:
still umelala?
Nikaandika: bado.

Jumamosi, goti lake ubavuni mwa kondoo,
mkasi wa kwato mkononi,
akamnong'oneza lilelile: still.
Kondoo akatulia tuli.
Mnyama alielewa kabla yangu.
Nikafuta, nikaandika upya, karatasi ikatoboka.

Akasema Torquil, mumewe, marehemu,
alifanya kazi kwenye still miaka thelathini na mmoja.
Nikamwona mtu aliyeajiriwa kutulia,
analipwa kila Ijumaa kwa kutotikisika!
Hadi aliponipeleka mwenyewe:
chungu cha shaba, tumbo la mjamzito,
shingo ndefu inayochungulia dirisha la juu,
togwa la shayiri linapanda mvuke
linashuka limetakata, kali.
Kumbe ni mtambo. Ndugu yake gongo,
ila huyu ana leseni.

"Alikunywa," Ishbel akasema, njiani,
"mno. Still,"
(hapo ni hata hivyo, nilikuwa nimeanza kuchangamka)
"mgongo uliponikataa
ni yeye aliyenifunga kamba za viatu,
kila siku, amelewa, hajalewa."

Kwenye feri nikauziwa maji still, yasiyo na gesi.
Nikacheka peke yangu. Watu wakasogea.

Kisha Jumapili moja ya Februari
tukapanda nyuma ya kanisa, upepo unatuvua kofia.
Jiwe dogo, kama mkate.
Halina jina. Lina tarehe moja,
haina kistari, haina ya pili.
"Wetu," akasema,
na neno lake likaja limeshikana na kuzaliwa,
yote mawili yamekuwa moja,
kama vidole vilivyogandishwa na baridi.
Sikufungua kamusi.
Tuli. Kimya. Picha isiyoguswa na mwendo.
Yote niliyoyaandika yalikuwa pale chini.

Nikamuuliza, huku ninajuta kuuliza,
kama humwaza.
"Still," akasema, akikwangua kuvu kwa kidole gumba.

Ndipo nikamwambia la kwetu.
Kwamba tuna neno bado,
nalo lina nyuso mbili:
linaloendelea, na lisilofika.
Mtoto amekuja? Bado.
Unampenda? Bado.

Hakusema kitu kwa muda.
Akalijaribu, ba-do, ba-do,
kama anayeonja chumvi,
mara ya tatu akaliambia jiwe, si mimi.

Halafu akakumbuka supu jikoni,
tukateremka upesi, matope hadi vifundoni,
tukaikuta imeshika chini.
Tukainywa hivyohivyo.