Ona

Jina lake lilikuwa Ona.
Watoto wa Tengeru walimfuata kambini wakicheka:
Ona nini, mama? Ona wapi?
Elinami, bibi yangu, bado hajawa bibi wa mtu,
alimpelekea maziwa kila asubuhi,
kibuyu kwa kipande cha sabuni,
na ndiye pekee aliyengoja jibu.

Kaka yangu, alisema, amebaki Lituania.
Mwalimu wa hesabu. Mbishi. Hajui kuogelea.
Wageni walipoingia na vifaru akafunga daftari la mahudhurio,
akazama msituni na wanafunzi wanne wakubwa.
Huko hakuitwa Zigmas tena. Aliitwa Mvua.
Walilala chini ya ardhi, shimoni,
na mlango wao ulikuwa mche wa msonobari ndani ya sanduku:
unauinua mti kama kifuniko cha sufuria,
unashuka, unaurudisha juu ya kichwa chako.
Adui mkubwa theluji.
Huendi kuteka maji nyayo zako zisikuchongee.

Elinami hakuijua theluji.
Ona akamwelekezea kidole Kibo, kule mbali,
mawingu yalipofunguka.
Sasa ishushe, alisema, mpaka kizingitini pako.

Barua ilifika mwaka wa arobaini na tisa,
imepita mikono mingi, haina jina la mwandishi.
Mmoja wa wale wanne alikuwa amemuuza.
Walimlaza Mvua sokoni siku tatu, bila viatu,
na askari hawakumtazama yeye,
walitazama watazamaji:
atakayelia ndiye ndugu.
Mama akapita na kapu la viazi.
Akasimama. Akauliza bei ya chumvi.
Akaenda zake.

Ona alisimulia hayo akisugua sufuria
iliyokwisha kutakata zamani.

Bibi akaolewa Ngarenanyuki.
Haukupita muda, malori yakapanda:
ardhi hii imepewa wengine, hameni.
Nyumba iliwaka upesi. Ghala la mahindi likachelewa,
likawa linapasuka punje moja moja,
na ng'ombe wakiswagwa kuelekea wasikokujua.
Karani alikuwa na kalamu na orodha,
akipita uso kwa uso, akitafuta wa kuandika.
Alipofika kwa bibi yangu
bibi alimtazama hata wino ukamkaukia, akamuuliza:
Chumvi siku hizi bei gani?