Mashahidi Wawili

Watu hudhani ofisi yetu ni ya kuvunja ndoa.
Miaka ishirini na tisa nimekaa nyuma ya meza hii,
mimi, Genovaitė, mwandishi wa mahakama ya jimbo,
nikigonga mihuri, nikihesabu kurasa,
nikipasha vidole kwenye jiko la vigae,
na kazi yenyewe imekuwa kuuliza tu:
siku ile, palitokea nini hasa?

Februari, theluji ya magotini,
akaingia Petronėlė Stonkienė, miaka themanini,
kikapu cha mayai mkononi
kana kwamba hukumu hununuliwa sokoni.
Nikamwambia, bibi, mayai rudi nayo.
Akayatua sakafuni palepale, akaketi.

"Liudvikas tumemzika Desemba.
Paroko kijana amefungua kitabu cha ndoa
aandike kifo pembeni mwa majina yetu.
Majina hayamo.
Sasa niambieni. Miaka hamsini na mitano
niliishi na mume, au na mwanamume?"

Akasimulia. Saa nane za usiku, jikoni kwao,
mablanketi yametundikwa madirishani.
Padre aliyetoka kifungoni Siberia hakutokea;
labda askari, labda theluji, labda hofu.
Mshumaa ukafika kwenye kisahani.
Liudvikas akasema, basi, Mungu anatuona,
wakashikana mikono mbele ya waliokuwapo:
Barbora dada yake, na Zigmas wa ng'ambo ya mto.
Wakaapa. Wakala mkate mweusi kwa chumvi.
Alfajiri yeye akaenda kukamua ng'ombe wa ushirika,
mume akaenda kufundisha hesabu.

Wiki ya pili Zigmas aliandika barua kwa wakubwa.
Hesabu ikafundishwa na mtu mwingine.

Padre Eimantas, hakimu wetu,
mtu wa maneno machache na mafua yasiyokoma,
akateremsha kitabu cha kanuni, kile cha zamani,
maana ndoa hupimwa kwa sheria ya siku yake.
Akaweka kidole:
asipopatikana padre pasipo madhara makubwa,
na ikionekana hali hiyo itadumu mwezi,
ndoa ni ndoa mbele ya mashahidi peke yao.

"Mwezi?" bibi akasema. "Ilidumu miaka thelathini."
Akacheka, kisha akashika mdomo.

"Mashahidi wako hai?"
"Barbora yuko makaburini."
Kuni zikapasuka jikoni.
"Yule mwingine yupo."
"Basi aitwe."
"Yule?"
"Sheria inataka mashahidi," Padre akajibu. "Haikusema wema."

Alhamisi Zigmas alikuja na fimbo mbili.
Nilimsomea kiapo, mkono wake ukatetemeka juu ya Injili.
Akayarudia maneno yao yote, neno kwa neno,
hata pale Liudvikas alipokabwa na jina la bibi arusi
akalitamka mara mbili.
"Unakumbukaje?"
"Niliandika. Kilichoandikwa hakitoki."
Akatoa ndani ya koti karatasi ya manjano,
nakala ya barua ile:
tarehe, saa, majina, nani alisema nini.
Duniani kote hiyo ndiyo karatasi pekee
iliyosema kwamba walioana.

Nikaigonga muhuri. Kiambatisho cha tatu.

Petronėlė alikuwa ukutani, kikapu magotini.
Aliisoma polepole, kidole chini ya kila mstari,
aliporudi juu akaanza tena.
Kisha akamuuliza hakimu kama ipo kanuni
inayomlazimisha kumsalimu mtu huyu.
Padre akapenga kamasi.
"Iko moja, ya mwisho kabisa kitabuni,
inasema juu ya wokovu wa roho.
Lakini hiyo hatuitolei hati."

Ndoa tuliiandika Machi, kwa wino mweusi,
miaka hamsini na mitano baadaye, na kifo pembeni.

Siku ile ya Alhamisi nilifunga ofisi mwenyewe.
Mayai aliyaacha, nikayahesabu: kumi na moja.
Dirishani nilimwona Zigmas akivuka uwanja
kwa fimbo moja, ya pili ameibana kwapani,
mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti,
akikanyaga barafu kama aliyebeba kitu chepesi kuvunjika.
Hilo sikuliandika. Halikuulizwa.