Theluthi ya Kwanza

Miaka sita niliwinda watu kwa mkopo.
Mwenye kiwanda akipiga simu, "Nitafutie fundi,"
tulikuwa madalali wanne barabarani,
kila mmoja na mbeta yake chini ya mwanzi uleule,
na ulanzi haumjui aliyeamka mapema.

Nilimtoa Ambakisye kule Tukuyu,
nikamlipia nauli, nikamwazima sweta,
nikamfundisha kutazama watu usoni anapojibu.
Wiki ya tatu wakaniambia: "Huyu? Alikuja mwenyewe."
Nilipita getini, hapahapa Mafinga, nikamwona
anapuliza chai, sweta langu mgongoni.
Hakuniona. Au aliniona.

Leo nimeketi mbele ya Bwana Chengula.
Ukungu umeegemea dirisha,
vumbi la msonobari limetua hadi kwenye biskuti.
"Taja majina," anasema. "Akifaa, utakula."
Nafunga daftari.
"Theluthi leo. Theluthi nikikuletea watatu uchague.
Theluthi akishanoa msumeno wa kwanza.
Na dalali mwingine asikanyage hapa."
Anacheka mpaka anakohoa.
"Hata jina moja?"
"Hata herufi."

Nje, msumeno butu unalia
kama mbuzi aliyekosewa kisu.
Sote wawili tunausikia.
Kubembeleza sijui; kuhesabu najua:
"Mbao ngapi zimepinda tangu Jumatatu?"
Hajibu. Anatazama kiganja chake,
kisha anaita, "Tulizo! Lete kitabu cha risiti."

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga;
hawakusema mkono uliojaa unavyotetemeka.
Nimeshuka ngazi, bahasha kifuani,
nikitarajia kuwa mwepesi.
Sivyo.
Zamani nikikosa mtu, nilikosa peke yangu,
nikala ugali wangu na maharage, nikalala.
Sasa yupo anayehesabu siku kwa jina langu.

Usiku, Kinyanambo, baridi inauma vifundo vya miguu.
Natandaza orodha kitandani. Naanza na yule mgumu,
yule wa Makambako asiyetaka kuhama,
ambaye enzi zile ningemruka
maana mwenzangu angewahi na mwepesi.
Simu inaita mara nne.
"Sina haraka," namwambia,
na kwa mara ya kwanza si uongo.
"Niambie kwanza, mama anaendeleaje?"